Kisiwa Kilichowafukuza Wanawe: Jinsi Mawe, Milima na Bahari Vilivyowalea Wagiriki wa Kale

Katika kisiwa cha Thera, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, mvua iligoma. Haikunyesha mwaka wa kwanza, haikunyesha wa pili, na mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba iliendelea kugoma kwa miaka saba, miti ya kisiwa ikakauka yote ukabaki mmoja. Watu wa kisiwa wakaketi kikao. Walichoamua ni hiki: penye ndugu wa kiume ipigwe kura, mmoja abaki nyumbani, mwenzake apande chombo akatafute nchi nyingine ng'ambo ya bahari, huko Libya.

Kuna jiwe la kale lenye maandishi yanayoeleza mapatano hayo. Yanasema atakayechaguliwa akakataa kwenda, auawe. Yanasema pia kwamba watu walikusanyika, wanaume kwa wanawake, wavulana kwa wasichana, wakafinyanga sanamu za nta na kuzitia motoni huku wakiapa: atakayevunja mapatano haya na ayeyuke kama sanamu hizi.

Vijana wakaondoka kwa vyombo viwili, kila kimoja na makasia 50. Safari ikawashinda, wakageuza. Walipokaribia nyumbani, jamaa zao wakawashambulia kutoka nchi kavu ili wasitie nanga. Rudini mlikotoka, wakaambiwa.

Ni watu gani hao wanaowafukuza watoto wao wa kuwazaa? Hatuna sababu ya kudhani kwamba hawakuwapenda. Kilichowakataa vijana hao ni kisiwa chenyewe, ambacho hakikuwa na chakula cha kuwalisha wote. Tuwaache hapo majini kwa muda, tutawarudia. Kwanza tuitazame nchi iliyozaa uamuzi mzito namna hiyo.

Mambo mawili madogo kabla ya kuendelea. Herufi KK utakazoziona humu ni kifupi cha "kabla ya Kristo", na miaka hiyo huhesabiwa kwa kurudi nyuma: mwaka 600 KK umetangulia mwaka 500 KK. La pili ni jina. Kama umesoma Biblia ya Kiswahili, watu hawa umekutana nao wakiitwa Wayunani. Jina hilo limetufikia kupitia Kiarabu, na shina lake ni Ionia, pwani ya mashariki ya Bahari ya Aegean walikoishi Wagiriki wengi, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Wao wenyewe walijiita Wahelene.

Mawe mengi, udongo kiduchu

Chukua ramani ya Ulaya utazame kusini-mashariki. Utaona nchi iliyochomoza baharini kama kiganja chenye vidole vilivyovunjika, na vipande vimetapakaa majini pande zote. Vidole ni rasi, vipande ni visiwa. Visiwa hivyo, ukihesabu hata vile vidogo visivyo na mtu, ni maelfu.

Sasa kandamiza ramani hiyo pembeni, ikunjamane. Hiyo ndiyo sura ya nchi kavu. Takribani asilimia 80 ya Ugiriki ni milima. Mrefu kuliko yote ni Olympus, mita 2,917, ambao kilele chake hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Haishangazi kwamba watu wa chini walisema miungu inakaa huko, maana nani angepanda akahakikishe? Sehemu kubwa ya milima hiyo ni mawe ya chokaa, ambayo hayatunzi maji juu. Mvua ikinyesha inateremka kwa kasi na kuchukua udongo, au inapotelea ndani ya nyufa. Mito mingi ni ya msimu: wakati wa baridi inafurika, kiangazi unaivuka bila kulowanisha viatu.

Mwanafalsafa Plato, aliyeishi Athens, alikitazama kimkoa chake cha Attica akakifananisha na mwili wa mgonjwa: nyama imeisha, imebaki mifupa. Udongo mnono, alisema, umeshukia baharini.

Kuna na shida ya majira. Mvua huja wakati wa baridi, na kiangazi ni jua tupu kuanzia mwezi Mei au Juni hadi Septemba. Kwa hiyo nafaka ilipandwa mvua za kwanza zilipoanguka, mwezi Oktoba au Novemba, ikavunwa jua lilipoanza kuwaka. Ngano hutaka maji zaidi, kwa hiyo wengi walilima shayiri, ambayo ni mvumilivu. Chakula cha kila siku kilikuwa mkate au sima ya shayiri, na kitoweo chake ni zeituni, jibini ya mbuzi, kitunguu, tini, samaki kwa wa pwani. Ng'ombe walikuwa wachache kwa kuwa majani ya kuwatosha hayakuwepo. Mbuzi na kondoo ndio waliopanda majabali. Mtu wa kawaida alionja nyama ya ng'ombe siku ya sikukuu, mnyama alipotolewa sadaka na nyama kugawiwa.

Mti mmoja uliipenda nchi hii mbovu: mzeituni. Mizizi yake hupenya katikati ya mawe kutafuta unyevu, na kiangazi hakiuui. Ila una kiburi chake. Ukiupanda leo utangoja miaka mingi kabla haujazaa vya kutosha, ndiyo maana adui aliyetaka kuukomoa mji aliingia na shoka mashambani. Mafuta yake yalipikiwa, yalitiwa taa, na yalipakwa mwilini kisha yakakwanguliwa pamoja na jasho na vumbi, kwa kuwa sabuni kama hizi zetu hawakuwa nazo.

Waathene walikuwa na hadithi juu ya mti huu. Poseidon, mungu wa bahari, na Athena, mungu wa kike wa hekima, waligombea mji. Poseidon akaupiga mwamba kwa mkuki wake wa meno matatu, yakabubujika maji ya chumvi. Athena akaotesha mzeituni. Athena akashinda, na mji ukachukua jina lake. Ukiisoma hadithi hiyo ukiwa na ramani mkononi, unagundua kwamba zawadi hizo mbili ndizo mali yote waliyokuwa nayo: maji yasiyonyweka na mti unaoota kwenye mawe. Hadithi inasema walichagua mti. Ukweli ni kwamba walilazimika kuchukua vyote viwili.

Maana mafuta hayajazi tumbo. Mwaka 594 KK, kiongozi wa Athens aitwaye Solon alipiga marufuku kuuza nje mazao ya shamba, isipokuwa mafuta ya zeituni. Nafaka yetu ni haba, ibaki hapa. Mafuta tunayo ya kutosha, yaende yakatuletee nafaka ya wenzetu. Na yatakwendaje? Ndani ya mitungi, ndani ya meli.

Vyura kandokando ya bwawa

Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini Wagiriki wa kale walikuwa mabaharia hodari, atajibu kwa kukariri: kwa sababu walizungukwa na bahari. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu. Wako watu wengi duniani waliokaa ufukweni vizazi na vizazi wakaridhika na samaki wa karibu. Kinachomsukuma mtu kwenda mbali, tena kwa chombo cha mbao, ni chungu kilichokauka jikoni.

Nusu ya pili ni kwamba barabara za nchi kavu zilikuwa balaa. Mzigo ambao punda angehangaika nao milimani kwa siku kadhaa, jahazi liliubeba mara mia yake kwa upepo wa bure. Na Bahari ya Aegean ni mwalimu mpole kwa anayejifunza: visiwa vimepangana kama mawe ya kuvukia kijito, na siku ya anga safi ni nadra kukosa kuona nchi upande mmoja au mwingine. Baharia alitoka kisiwa hiki akiwa amekwisha kukiona kinachofuata. Jioni wengi walivuta chombo ufukweni, wakapika, wakalala.

Upole huo ulikuwa na mipaka. Wakati wa baridi dhoruba zilifunga bahari, na wenye akili walipandisha vyombo nchi kavu. Kiangazi upepo wa kaskazini huvuma wiki baada ya wiki. Wagiriki wa leo huuita meltemi. Upepo huo uliisukuma vizuri meli iliyotoka Bahari Nyeusi na shehena ya ngano kuelekea kusini, lakini ole wake anayetaka kupanda kaskazini siku hizo hizo. Kwa hiyo kalenda ya mkulima na kalenda ya baharia zilipishana kama watu wawili wanaotumia kitanda kimoja kwa zamu.

Nakiri kwamba katika watu wote wa zama hizo, ninayempenda ni Hesiod, mshairi mkulima wa yapata mwaka 700 KK. Baba yake alivuka bahari kutoka pwani ya mashariki, akikimbia umaskini, akaishia kijiji cha Ascra chini ya mlima. Hesiod anakisema kijiji chake bila kukifunika: kibaya wakati wa baridi, kigumu kiangazi, hakina siku njema. Kisha anatoa mashauri marefu juu ya kusafiri baharini: usitoke ila katika siku 50 za kiangazi, usitie mali yako yote ndani ya meli. Na katikati ya mashauri hayo anatuambia, bila haya, kwamba yeye mwenyewe amepanda meli mara moja tu, kuvuka mlango-bahari mwembamba kwenda kisiwa cha Euboea kwenye mashindano ya mashairi. Hata aliyeichukia bahari hakuweza kuacha kuizungumza.

Mahali pengine ardhi yenyewe ilifanya biashara. Tazama mji wa Korintho, ule ambao karne nyingi baadaye Mtume Paulo aliwaandikia watu wake barua. Umekaa penye shingo nyembamba ya ardhi, yapata kilomita 6 tu kutoka bahari hadi bahari, inayoiunganisha rasi kubwa ya Peloponnese na bara. Baharia asiyetaka kuvuka hapo alipaswa kuzunguka rasi yote, akipita kwenye ncha ya Malea yenye pepo kali. Palikuwa na methali: ukiizunguka Malea, sahau kwenu. Basi Wakorintho wakatengeneza barabara ya mawe katika shingo hiyo, yapata mwaka 600 KK, ambayo juu yake mizigo, na hata vyombo vyenyewe, vilikokotwa nchi kavu kutoka bahari moja kwenda nyingine. Mji ulikuwa na bandari upande huu na upande ule, ukatajirika kwa kuwa mlangoni. Leo mahali hapo pana mfereji, uliofunguliwa mwaka 1893, na meli zinapita kama uzi ndani ya tundu la sindano.

Ukitaka picha moja ya maisha hayo yote, ni ya Plato tena. Alisema Wagiriki wanaishi kandokando ya bahari kama sisimizi au vyura kandokando ya bwawa. Na kweli kufikia wakati wake vyura walikuwa wameenea: Siracusa huko Sisilia, mji ulioanzishwa na Wakorintho yapata mwaka 733 KK, Marseille ya Ufaransa ya leo, yapata mwaka 600 KK, miji chungu nzima katika Bahari Nyeusi. Wengi walikwenda kutafuta kile vijana wa Thera walichotumwa kutafuta, mashamba. Ni vyema kukumbuka kwamba mashamba hayo yalikuwa na wenyewe, na wenyeji hawakuwapokea wageni kwa vigelegele kila mahali.

Mkondo huo wa kuzoea maji ulikuja kufika hata kwetu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi. Ndani yake anautaja mji wa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki, Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba. Aliyewahi kuona picha ya mtepe ataelewa mara moja anasema nini.

Kila bonde na bendera yake

Hapa ndipo watoto wengi hukosea, na watu wazima pia: wanadhani Ugiriki ya kale ilikuwa nchi. Haikuwa. Hapakuwa na mfalme mmoja, bunge moja wala mji mkuu. Palikuwa na dola ndogondogo zaidi ya 1,000, kila moja mji na mashamba yake ya karibu, kila moja na sheria zake, jeshi lake, mara nyingi hata sarafu yake. Dola ya namna hiyo waliiita *polis*. Usichanganye na polisi wa barabarani, ingawa ni kweli kwamba neno letu polisi, lililopitia lugha za Ulaya, asili yake ni huko huko.

Maelezo ya kawaida ni kwamba milima iliwatenganisha. Watu wa bonde hili hawakuonana kwa urahisi na wa bonde lile, kwa hiyo kila bonde likajitawala. Nami nakubali, lakini si kwa moyo wote. Chukua kisiwa cha Keos, ambacho urefu wake ni kilomita kama 20 hivi. Humo mlikuwa na dola nne! Ungeweza kutoka dola moja asubuhi kwa miguu na kula chakula cha mchana katika nyingine. Halafu geukia Attica, ambayo ni kubwa zaidi na ina milima ya kutosha kugawa nchi vipande vitano. Attica yote ilikuwa dola moja, Athens. Kama milima ndiyo iliyokata mipaka, basi ilikata kwa upendeleo.

Jinsi ninavyoona mimi, ardhi huuliza swali, lakini haimwandikii mtu jibu. Mabonde yaliyofichana yalirahisisha kujitawala. Kupenda kujitawala kulikuwa kwa watu wenyewe. Linganisha miji miwili mikubwa utaona.

Sparta ilikaa katika bonde la mto Eurotas, kusini mwa Peloponnese, sehemu yenye rutuba kuliko nyingi. Upande wa magharibi umesimama mlima Taygetus, zaidi ya mita 2,400, kama ukuta. Sparta yenyewe kwa karne nyingi haikujenga ukuta wa mji. Chakula kilipokuwa hakitoshi, Wasparta hawakutegemea meli kama wengine. Walivuka Taygetus wakaiteka nchi ya jirani, Messenia, yenye mashamba mazuri, na kuwafanya watu wake kuwa waheloti, watumwa wa kulima ardhi iliyokuwa yao. Tatizo la njaa likaisha, likazaliwa jingine: waheloti walikuwa wengi kuliko mabwana zao. Ndipo Sparta ikageuka kambi. Mtoto wa kiume alitolewa nyumbani akiwa na miaka saba kwenda kulelewa kijeshi, kulala pagumu na kula kidogo. Tunasifu ujasiri wa Wasparta, lakini nusu ya ujasiri huo ilikuwa hofu ya watu waliowalisha. Na hofu haikuwa ya bure: yapata mwaka 464 KK tetemeko kubwa la ardhi liliibomoa Sparta, na waheloti wakainuka mara moja.

Athens ilijibu swali lile lile kwa njia nyingine kabisa. Ilikuwa na udongo duni, lakini karibu yake palikuwa na bandari nzuri ya asili, Piraeus, na kusini mwa Attica, mahali paitwapo Laurion, ardhini mlikuwa na fedha. Mwaka 483 KK walipata mkondo mnono wa madini hayo. Pendekezo la kwanza lilikuwa tamu: tugawane, kila raia drakma 10. Mwanasiasa Themistocles akasimama akasema hapana, tujenge manowari. Akashinda hoja, zikajengwa 200. Sijui mkutano wa kijiji gani leo ungekubali kuachia fedha taslimu kwa ahadi ya mashua. Na tusisahau waliochimba fedha hiyo: watumwa, waliotambaa ndani ya mashimo yenye giza ambamo raia hakutia mguu.

Manowari moja ilihitaji watu 200, na 170 kati yao walikuwa wapiga makasia. Raia tajiri alipigana akiwa juu ya farasi au akiwa na ngao ya gharama. Maskini hakuwa na hivyo, lakini mikono ya kuvuta kasia alikuwa nayo. Usalama wa mji ulipoanza kutegemea mikono hiyo, ikawa vigumu kuwaambia wenye mikono wanyamaze kwenye baraza. Ndiyo maana demokrasia ya Athens ilinuka chumvi ya bahari, na wasioipenda waliliona hilo na kulilalamikia. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kura humo.

Uchochoro ni silaha

Mwaka 480 KK mfalme Xerxes wa Uajemi alikuja na jeshi kubwa kuliko lolote ambalo Wagiriki walikuwa wamewahi kuliona. Mdogo akitaka kupigana na mkubwa atafute uchochoro, na uchochoro Ugiriki ilikuwa nao wa kugawa.

Wa kwanza ni Thermopylae, jina lenye maana ya milango ya moto, kwa ajili ya chemchemi zake za maji ya moto. Upande mmoja mlima, upande wa pili bahari, katikati njia ambayo sehemu nyingine ilitosha gari moja tu la kukokotwa. Wagiriki wapatao 7,000, wakiongozwa na Leonidas wa Sparta na watu wake 300, waliziba njia hiyo kwa siku tatu. Wingi wa Waajemi haukuwafaa kitu. Wangapi wanaweza kupita mlangoni kwa wakati mmoja? Wagiriki walishindwa pale mwenyeji mmoja alipowaonyesha maadui njia ya mbuzi ya kuzunguka mlimani. Ukienda leo utadhani umepotea: mto umemwaga matope kwa karne nyingi, bahari imesogea mbali kwa kilomita kadhaa, na uchochoro umekuwa uwanda.

Wa pili ulikuwa wa maji. Kuhani wa Delphi, mahali ambapo Wagiriki walikwenda kuuliza neno la miungu, alikuwa amewaambia Waathene kwamba ukuta wa mbao utawaokoa. Wengine wakasema ni ua la miti, Themistocles akasema ni meli. Mji ukahamwa, Waajemi wakauchoma, na manowari za Wagiriki zikangoja ndani ya mlango-bahari mwembamba kati ya kisiwa cha Salamis na bara. Meli nyingi za Waajemi ziliingia humo zikasongamana, za nyuma zikizigonga za mbele, makasia yakivunjika. Zile manowari zilizotoka kwenye fedha ya Laurion ndizo zilizomaliza kazi.

Lakini ardhi hiyo hiyo haina rafiki wa kudumu. Athens iliyozoea kula ngano ya Bahari Nyeusi ilikuwa na koo jembamba sana: mlango-bahari wa Dardanelles, ambamo meli zote za nafaka zilipita. Walijenga kuta ndefu, kilomita 6 hivi, kuunganisha mji na bandari, ili adui akija kwa nchi kavu wao waendelee kula kwa bahari. Mpango ulifanya kazi miaka mingi katika vita vyao na Sparta. Mpaka mwaka 405 KK, Wasparta walipopata nao meli, wakaziteka manowari za Athens humo humo Dardanelles. Koo likakabwa. Mwaka uliofuata Athens, ikiwa na njaa, ikasalimu amri, na kuta zile zikabomolewa huku filimbi zikipigwa.

Ningeweza kuendelea kuhusu jua, lililowafanya waishi nje, wajadiliane sokoni na kukutana kwenye baraza la kilimani bila paa juu. Kuhusu miteremko ya vilima waliyoichonga kuwa viti vya maonyesho, kama ule wa Epidaurus ulioweza kukalisha watu kama 14,000. Kuhusu marumaru nyeupe ya mlima Pentelicus iliyojenga Parthenon, hekalu la Athena. Nchi isiyo na udongo angalau ilikuwa na mawe mazuri. Na kuhusu Poseidon, ambaye alikuwa mungu wa bahari na wa matetemeko pia, ugawaji wa kazi unaoelezeka ukijua kwamba usiku mmoja wa mwaka 373 KK mji wa pwani uitwao Helike ulitikiswa kisha ukamezwa na maji.

Ila tuna vijana tuliowaacha baharini.

Baada ya kufukuzwa na kwao, walirudi upande wa Libya wakajibanza katika kisiwa kidogo kiitwacho Platea, miaka miwili ya dhiki. Kisha wakahamia bara, mahali paitwapo Aziris, wakakaa miaka sita. Ndipo Walibya wenyeji wakawaambia wanajua mahali pazuri zaidi, wakawaongoza kuelekea magharibi. Herodotus anatupa siri moja ya safari hiyo: wenyeji walipanga saa za mwendo ili eneo zuri kuliko yote lipitwe usiku, wageni wasilione. Walikuwa wakarimu, lakini hawakuwa wajinga.

Walipofikishwa palikuwa juu ya nyanda za juu ambazo leo huitwa Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mawingu kutoka baharini hugonga kilima na kumwaga yalichobeba. Palikuwa na chemchemi. Hapo ndipo ulipojengwa mji wa Cyrene. Wenyeji wakawageukia wale wana wa kisiwa kilichokosa mvua miaka saba, wakawaambia: enyi Wagiriki, kaeni hapa, kwa maana hapa mbingu imetoboka.